Tafakari ya Dominika ya 33: Siku ya Bwana na Jembe la Leo



Mwaka wa Kanisa unaelekea ukingoni. Baada ya Dominika hii ya 33 ya Mwaka C tutamshangilia Kristo Mfalme, kisha tutaanza Majilio. Ndiyo maana Mama Kanisa anatusomea maneno mazito katika majuma haya: hekalu litakalobomolewa, vita na matetemeko ya nchi, njaa na tauni, wanafunzi wa Bwana watakaofikishwa mbele ya wafalme kwa ajili ya jina lake. Sura ya 21 ya Injili ya Luka haibembelezi mtu. Na kila masomo haya yanapokaribia, waamini huja na swali lile lile: "Baba, ndizo siku zenyewe hizi?"

Mwaka 2025 swali lilikuja kwa nguvu zaidi. Mwezi Septemba mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alitangaza kwamba Kristo angekuja kuwanyakua walio wake tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. Habari hiyo ilizunguka dunia kwa njia ya simu za mkononi. Wapo watu katika nchi mbalimbali waliouza magari na kuacha kazi. Tarehe 25 jua lilichomoza kama kawaida yake. Aliyeuza hakurudishiwa, na aliyeacha kazi alianza kuitafuta upya.

Tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na simu. Mwaka 1844, nchini Marekani, maelfu ya wafuasi wa William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba, na wengine hawakuvuna mashamba yao. Mwaka 2011 mzee Harold Camping, wa Marekani pia, alitangaza tarehe 21 Mei kwa redio na kwa mabango makubwa. Mbele zaidi kuna Wathesalonike wenyewe, ambao barua waliyoandikiwa ndiyo somo letu la pili. Ndugu hao walisadiki kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na baadhi yao wakaacha kazi wakawa wanazurura na kujishughulisha na mambo ya wengine. Mtume Paulo hakuwasifu kwa imani yao kubwa. Aliwakumbusha kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, akaagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asitegemee chakula cha jasho la mwenzake.

Hata milimani kwetu Uluguru habari za namna hii si ngeni. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinakaribia, ujumbe ulitoka kwenye mahali pa matambiko pa Kolelo, huku huku kwenye milima yetu, ukaenea hadi Uzaramo. Mmisionari wa Kilutheri, Martin Klamroth, aliyefanya kazi miongoni mwa Wazaramo, aliandika baadaye yale watu waliyosimuliwa: kodi isilipwe tena kwa wageni, gharika kuu ingekuja kuwafagia, ardhi ingefunguka na kuwameza, na bunduki zao zingetoa maji badala ya risasi. Hatuna ruhusa ya kuwacheka babu zetu. Walikuwa wamelemewa na kodi na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, wakatamani mkono wa mbinguni uwaokoe. Lakini gharika haikuja, na bunduki zilitoa risasi. Kule kusini, baada ya majeshi ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala, njaa iliua watu wengi kuliko vita yenyewe. Funzo moja tulishike tangu hapa: utabiri wa mwisho hupata masikio mengi pale ambapo watu wamebebeshwa mzigo mzito kuliko mabega yao.

Ndugu zangu, niseme wazi msimamo wangu. Mimi nasadiki, pamoja na Kanisa zima, kwamba Bwana atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Tunaungama hivyo kila Dominika katika Nasadiki. Sisemi basi kwamba fundisho la mwisho ni hadithi ya kutishia watoto. Ninachosema ni hiki: fundisho lolote la mwisho wa dunia linalomtoa baba shambani, mtoto shuleni, mgonjwa kwenye dawa zake na mama kwenye ukoo wake, halitoki kwa Kristo, hata kama limejaa aya za Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho. Nina sababu za kusema hivyo, na sababu hizo zina makaburi.

Kaburi la kwanza liko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, jengo la ibada la kikundi kilichojiita Harakati za Kurudisha Amri Kumi za Mungu liliteketea kwa moto, milango na madirisha yake yakiwa yamefungwa, na mamia ya waamini wakiwa ndani. Majuma yaliyofuata polisi walifukua mashimo yenye maiti nyingine katika nyumba mbalimbali za kikundi hicho. Hesabu ya waliokufa ilipita watu 700, na wengi walikuwa watoto.

Wengi wetu tukisikia habari hizo tunakimbilia kusema, "Hao ni madhehebu ya mitaani." Hapana. Kikundi cha Kanungu kilizaliwa katikati ya Wakatoliki. Joseph Kibwetere alikuwa mlei mwenye heshima. Credonia Mwerinde alidai kwamba Bikira Maria alikuwa akimtokea. Dominic Kataribaabo alikuwa padre, tena msomi aliyefika hadi vyuo vya Marekani, kabla Askofu wake hajamsimamisha. Wafuasi walisali Rozari, walifunga, waliheshimu Amri za Mungu. Waliambiwa wauze mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Waliambiwa wasizungumze, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Waliambiwa dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka 2000 ulipoingia na dunia ikiwa mahali pake, baadhi yao walianza kudai mali zao. Baada ya hapo ikatajwa tarehe nyingine, na tarehe hiyo ndiyo ilikuwa ya moto.

Kaburi la pili liko Shakahola, karibu na Malindi, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Kuanzia mwezi Aprili 2023 polisi walifukua katika msitu huo miili zaidi ya 400. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Nthenge Mackenzie, na kwa mujibu wa wapelelezi walifunga chakula hadi kufa kwa matumaini ya kukutana na Yesu. Mhubiri na wenzake walifikishwa mahakamani na wakakana mashtaka. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa huko Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Tuangalie kwa makini mpangilio wa msiba wa Shakahola. Haukuanza na njaa. Kwanza watoto waliondolewa shuleni, kwa kuwa elimu ilihubiriwa kuwa ni ya shetani. Kisha hospitali zikakataliwa. Kisha watu wakaacha nyumba na ndugu zao, wakahamia porini. Chakula kilikuwa cha mwisho kukataliwa. Wakati huo hakukuwa tena na mwalimu wa kuuliza mtoto yuko wapi, wala muuguzi, wala shangazi, wala jirani. Mtu akishatengwa na wote wanaompenda, ni rahisi kumwambia lolote naye akalitii.

Kwa nini nayasimulia haya kwa watu wa Mkuyuni, mbali na Kanungu na mbali na Malindi? Kwa sababu hatua za kwanza za safari ile zinaweza kupigwa popote, na hazina sura ya kutisha. Katika kutembelea Jumuiya Ndogo Ndogo nimezungumza na kijana aliyeniambia haoni sababu ya kupanda mikarafuu, kwani Bwana atakuja kabla haijazaa. Wakati wa ugonjwa wa UVIKO tuliwasikia Wakristo, hata wa kwetu, wakisema chanjo ni alama ya mnyama. Wapo wanaoweka akiba ya mishumaa iliyobarikiwa kwa ajili ya siku tatu za giza, huku ada ya mtoto haijalipwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mwendawazimu au mpumbavu. Wengi ni waamini wema, wanaosali kuliko jirani zao. Lakini njia waliyoanza kuikanyaga tumekwisha kuona inakofikia.

Tumtafakari kidogo huyo kijana wa mikarafuu. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba, hata nane kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, kisha huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Anayepanda leo anajua kwamba sehemu kubwa ya mavuno italiwa na watoto na wajukuu. Kupanda mti wa namna hiyo ni tendo la upendo kwa mtu ambaye bado hajazaliwa. Mwenye kukataa kuupanda kwa sababu Bwana yu karibu amechukua neno la faraja akalifanya udhuru wa kutowajali wajao. Kama Bwana atakuja kesho, atamkuta mpandaji na udongo mikononi, na hilo si jambo la aibu. Kama atakawia miaka mia, wajukuu watakuwa na karafuu. Katika hali zote mbili aliyepanda hana hasara.

Vivyo hivyo kwa ardhi ya ukoo. Sisi Waluguru twajua kwamba shamba lina wenyewe wengi: bibi aliyelilima, mama aliyelirithi, mpwa atakayelihitaji. Anayeuza shamba la ukoo kwa kuwa ameaminishwa kwamba dunia imebakiza miezi, hauzi kilicho chake peke yake. Anauza chakula cha watu ambao hawakuulizwa. Na vivyo hivyo kwa misitu yetu. Yupo anayesema, "Kwa nini nihangaike na mti wakati dunia itaungua yote?" Maji yanayotoka milimani humu yanaingia Mto Ruvu na kuwafikia mamilioni ya ndugu zetu wa Dar es Salaam. Kumnyima jirani maji kwa kisingizio cha unabii ni dhambi kama dhambi nyingine.

Sasa tuulize: Kanisa linafundisha nini? Kwanza, kwamba siku na saa hatupewi kuzijua. Marko 13:32 yasema wazi kwamba jambo hilo ni la Baba, na Bwana alipokuwa anapaa mbinguni aliwarudishia Mitume jibu lile lile walipomwuliza habari za nyakati, kisha akawapa kazi ya kuwa mashahidi wake, kama tusomavyo mwanzoni mwa Matendo ya Mitume. Mtaguso wa Tano wa Laterani, mwaka 1516, uliwakataza wahubiri kutaja wakati maalumu wa kuja kwa Mpinga Kristo au wa siku ya hukumu. Kwa hiyo Mkatoliki anayetangaza tarehe, awe mlei au padre, anavunja katazo lenye umri wa zaidi ya miaka 500.

Pili, kuhusu wanaodai kutokewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 66 na 67, inafundisha kwamba ufunuo wa wazi umekamilika katika Kristo, na kwamba mafunuo ya binafsi, hata yaliyokubaliwa na Kanisa, hayaongezi kitu juu yake. Kazi yake ni kutusaidia kuishi Injili kwa ukamilifu zaidi katika wakati fulani. Tarehe 17 Mei 2024 Vatikano ilitoa taratibu mpya za kuchunguza matukio yanayodaiwa kuwa ya kimungu, na Askofu mahalia ndiye anayeanza uchunguzi huo. Kama mtu anasema Mama Maria amemtokea, halafu hataki Askofu ajue, tayari ametupa jibu.

Tatu, tumaini la mbingu halipunguzi wajibu wetu wa duniani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 39, unaeleza kwamba kuingoja dunia mpya kusilegeze bidii yetu ya kuijali hii tuliyo nayo, bali kuichochee. Na tukitaka kujua maswali ya siku ya hukumu yenyewe, Mathayo sura ya 25 imeshatuonyesha karatasi ya mtihani. Hatutaulizwa kama tuliifahamu namba 666, wala kama tulitambua ni mfalme gani anatajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Tutaulizwa habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Ni ajabu kwamba watu wanaotafuta kwa bidii siri za mwisho hupita haraka mahali pale ambapo Bwana hakuficha siri yoyote.

Wapo watakaoniambia, "Lakini Baba, hofu ya mwisho imewarudisha wengi kwenye kitubio. Je, si afadhali waogope?" Ni hoja ya haki, nami siidharau. Hofu ya Mungu ni mwanzo mwema. Lakini hofu ya tarehe ina ugonjwa wake: tarehe ikipita, toba nayo hupita. Aliyeacha ulevi kwa kuwa dunia inakwisha Desemba, atakuwa na kiu Januari. Tena aliyedanganywa mara moja na mwenye Biblia mkononi huona vigumu kuamini Biblia yenyewe mara ya pili. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ng'ombe na mashamba yaliyouzwa.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaocheka habari yote ya mwisho na kuishi kana kwamba hakuna atakayewauliza kitu. Hao nao wamepotoka. Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Makaburi tuliyoyasafisha mwanzoni mwa mwezi yanatukumbusha kwamba kwa kila mmoja wetu mwisho uko karibu sana kuliko unabii wowote unavyosema. Katekisimu inafundisha kwamba kila mtu atapokea hukumu yake mara baada ya kufa. Asiyelipa mshahara wa kibarua wake, anayempiga mkewe, anayekula fedha za kikundi, hahitaji kungoja jua litiwe giza ili ajue kwamba ana hesabu ya kutoa.

Basi tufanye nini? Nawashauri wenyeviti na makatekista wa jumuiya zetu wawafundishe waamini maswali machache ya kujiuliza kila anapokuja mhubiri wa siku za mwisho, au kila ujumbe wake unapoingia katika simu. Je, anataja tarehe? Je, anataka mali yangu, au anataka niiuze? Je, ananitenga na mke wangu, watoto wangu, wazazi wangu? Je, anakataza shule, hospitali au chakula? Je, yeye mwenyewe anakubali kuulizwa maswali na mtu yeyote aliye juu yake? Penye jibu baya katika swali hata moja, tuondoke. Na kama jirani amekwisha kuingia, tusimcheke wala tusimsusie. Kejeli humsukuma ndani zaidi. Tumtembelee, tukae naye, tumwulize habari za watoto, tumsaidie kulima. Waliokufa Shakahola walihitaji mtu wa kubisha hodi. Na mkisikia kwamba mtoto anazuiwa kula au mgonjwa anazuiwa dawa, hilo si suala la dini tena. Pelekeni habari kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao cha parokia.

Kwa wagonjwa wanaotumia dawa kila siku, iwe za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifafa au za shinikizo la damu, naomba mlishike neno hili: kumeza dawa si upungufu wa imani. Kanisa lina Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na Kanisa hilo hilo limejenga zahanati na hospitali. Njooni tuwaombee, na mkitoka kanisani mmeze dawa zenu kwa saa yake.

Kwa vijana nasema: someni, jifunzeni ufundi, oeni na kuolewa kwa baraka za Kanisa, pandeni miti. Mvua za vuli zikinyesha vya kutosha udongo utakuwa laini, na mche uliotiwa ardhini wakati huu una nafasi nzuri ya kushika. Injili ya leo inamalizia kwa kutuahidi kwamba kwa uvumilivu tutaziokoa nafsi zetu. Uvumilivu ninaouona mimi ni ule wa mkulima anayepalilia kitu ambacho hatakiona kikizaa kwa miaka saba, na wa mama anayelipa ada kidogo kidogo hadi mwanawe amalize. Bwana akija, na awakute hivyo.

Nawatakia Dominika njema na maandalizi mema ya sherehe ya Kristo Mfalme. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo!